Koo la Bwana Athmani na Maji ya Birika

Wanangu wauguzi mlioniandikia kutoka hospitali, salamu zenu zimefika, na simu imelia mpaka paka wangu akahama barazani. Mwataka niwaeleze namna ya kuzuia ukungu usishike kwenye vidude vya sauti. Mmoja wenu akaongeza, "kwa ufupi tu, Bi." Kwa ufupi! Mtu nimekaa na makoo ya watu ujana wangu wote na nusu ya uzee wangu, halafu nieleze kwa ufupi. Haya, kaeni. Aliye na haraka aende zake.

Siku hizi nikishaswali adhuhuri najinyosha kidogo. Usingizi wa mchana, mnaujua, si usingizi hasa. Nasikia watoto wa jirani wakisoma, nasikia punda akipita uchochoroni, na katikati ya hayo nasikia sauti za wagonjwa wangu. Msinicheke, si majini. Ni zile sauti nzito zenye upepo ndani yake, mmoja baada ya mwingine, kidole gumba shingoni, wakinijulia hali. Wengine wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Huniambia mambo madogo tu, kwamba chai imepoa, kwamba mvua imenyesha Pate. Nikiamka nakuta midomo yangu inawajibu.

Kwa yule ambaye hajawahi kukiona kidude chenyewe: mtu akitolewa zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilichoko kooni, mara nyingi kwa sababu ya saratani, hupumua kwa tundu lililofunguliwa chini ya shingo. Pumzi haipiti tena mdomoni, basi hana sauti. Daktari humtoboa kitundu kingine ndani, kati ya njia ya hewa na njia ya chakula, akapachika hapo kidude cha mpira laini kisichozidi kifungo cha kanzu. Sisi tulikiita vali. Kina kilango kinachofunguka upande mmoja. Mgonjwa akiziba tundu la shingoni kwa kidole gumba akasukuma pumzi, hewa hupenya kilangoni, ikatetemesha nyama za koo, ikawa sauti. Akimeza, kilango hujifunga ili chakula kisiende mapafuni. Kitu kidogo hivyo, na mtu anarudi kuwaita watoto wake kwa majina.

Sasa adui. Vinywani mwetu sote mna vijidudu na fangasi, wewe unayesoma na mimi ninayeandika. Wanaupenda mpira ule kupita kiasi, kwa kuwa ni mahali pa joto, pana unyevu, na chakula kinawapitia mlangoni. Huanza na vidoa vyeupe, vikageuka manjano, halafu utando mzima, tabaka juu ya tabaka. Nilikuwa nawaambia wagonjwa, "Ni kama utelezi wa kwenye kuta za birika." Kila mtu wa Amu, yaani Lamu, analijua birika, hodhi la maji ya kutawadhia, na anajua lisiposuguliwa kuta zake huwaje. Yashikeni maneno yangu haya, maana baadaye yaliniumbua.

Utando ukikomaa, kilango hakifungi sawasawa. Mgonjwa akinywa maji, yanavuja kwenda njia ya hewa, anakohoa mpaka machozi. Ndipo vali hubadilishwa. Na wakati ule kubadilisha kulikuwa ni kuvuka kwa boti hadi Mokowe, kisha basi mpaka Mombasa, na vizuizi vya barabarani vyote vile. Kwa hiyo kazi yangu hapa kisiwani ilikuwa moja: vali ikae.

Aliyenifundisha alikuwa Sista Monika, mama wa bara, mrefu, mkali, mwenye vidole vyepesi ajabu. Nilikaa naye Mombasa miezi kadhaa. Siku ya kwanza aliniagiza nimpe mgonjwa kinywaji chenye rangi, ili tumulike kwa tochi tuone kama kinavuja. Mimi kwa ukarimu wetu wa Kiamu nikamtengenezea mzee wa watu sharubati ya ubuyu, nyekundu, yenye sukari ya kutosha. Rangi ilionekana vizuri kweli. Sista Monika akaonja kilichobaki, akaniangalia.

"Mwanaidi, umewaandalia fangasi karamu ya harusi," akasema.

Tangu siku hiyo nilitumia maziwa matupu, ambayo nayo huonekana wazi, kisha nikahakikisha mgonjwa anapiga brashi palepale, kile kibrashi chembamba cha kusafishia vali.

Neno lake kubwa lakini lilikuwa hili: "Usimwulize mgonjwa kama anasafisha. Mwambie akuoneshe." Alilirudia mpaka likanichosha. Niliona ni maneno ya mtu mwenye kiburi, asiyeamini watu. Mimi nikarudi kwetu na cheti changu, nikajiona nimeiva.

Nilikuwa sijaiva. Kulikuwa na mzee mmoja wa Shela, mcheshi, mlaji tambuu hodari. Akaja nikammulika kooni, nikaona vali nyekundu, nyekundu pote. Nikapiga ukelele, nikaagiza boti ya wagonjwa iwashe injini, nikamlaza mzee chali. Yeye anapunga mkono, anataka kusema, mimi namwambia, "Nyamaza, Bwana, usisukume, utatoka damu zaidi!" Alipoponyoka mkononi mwangu akaziba tundu, akasema, "Ni tambuu, we mwana!" Wauguzi wenzangu walinicheka mwaka mzima. Nami nikajifunza kumsukutulisha mtu kwanza, ndipo nimulike.

Lakini nilitaka kuwaambia habari za Bwana Athmani.

Bwana Athmani alizaliwa Pate, akahamia mtaa wa Langoni hapa Amu alipooa. Kazi yake ilikuwa kushona kofia, zile za vito, za matundu madogo madogo yanayozungushiwa uzi mmoja mmoja, ambazo moja humchukua mtu miezi. Baada ya upasuaji, kidole gumba kikawa na kazi mbili. Akisema hashoni, akishona hasemi. Mkewe, Bi Zena, alikuwa akinichekesha: "Zamani nilikuwa nikimwomba anyamaze. Sasa namwombea kofia imalizike azungumze nami." Na walikuwa na binti mmoja tu, Rukia. Siku Bwana Athmani alipowekewa vali, neno la kwanza alilosema lilikuwa jina la huyo binti. Mimi nilikuwapo. Rukia alikaa chini sakafuni akalia kwa sauti, na Sista Monika, yule mkali, akatoka nje kwenda kutafuta kitu ambacho hakurudi nacho.

Vali za wenzake zilikuwa zikikaa miezi na miezi. Ya kwanza ya Bwana Athmani ikavuja baada ya wiki chache. Tukasema bahati mbaya. Ya pili vilevile. Ya tatu ikatoka imejaa ukungu, kilango kimekunjamana, hata haya niliona kuikabidhi. Daktari wa Mombasa akaniambia kwa simu kwamba kitundu cha ndani kimeanza kulegea kwa kubadilishwa mara kwa mara. Angemwekea ya nne. Nayo ikiharibika upesi hivyo, hatahatarisha mapafu ya mtu, ataliacha tundu lijifunge. Maana yake Bwana Athmani angerudi kuwa bubu.

Na Rukia alikuwa amekwisha kuposwa.

Mwajua kwetu baba ndiye anayemwoza binti yake. Anaweza kumpa mwingine uwakala, shehe au ndugu, na ndoa ikawa sahihi bila dosari. Lakini Bwana Athmani alikuwa na neno lake moja tangu siku alipowekewa vali: "Rukia 'tamuoza kwa kanwa langu," yaani kwa kinywa chake mwenyewe. Alianza hata kumshonea bwana harusi kofia. Alikuwa akisema ikimalizika kofia, ndoa ifungwe.

Siku ile aliporudi na vali ya nne nilimkalisha kitini, Bi Zena pembeni. Mimi nina ulimi, wanangu, mnanijua. Na mbele yangu alikuwa mtu mzima, mwenye heshima zake, ambaye mimi, mwanamke wa rika la dada yake mdogo, niliona vibaya kumwamrisha afunue shingo na kunifanyia maonesho ya mswaki. Basi nikamwuliza.

"Bwana Athmani, mwasafisha?"

Akaziba tundu. "Nasafisha."

"Mara ngapi kwa siku?"

"Mara tano."

Sikumwamini. Hakuna aliyekuwa akisafisha mara tano. Wengi nikiwabana walikuwa wakikiri mara moja, na hiyo wanapokumbuka. Nikamwambia, mbele ya mkewe, tena mlango uko wazi, "Kinywa kinaweza kunidanganya, Bwana Athmani, lakini vali haidanganyi. Mtu asiyetaka kujisaidia mimi nitamsaidiaje?"

Aliondoa kidole shingoni, akaichukua kofia yake aliyokuwa akiishona, akainuka. Bi Zena aliniangalia kwa jicho ambalo mpaka leo nikilikumbuka nataka kujificha. Wakaondoka, na kliniki hakuja tena.

Wiki zikapita. Nikawa namwona kwa mbali njia kuu, ananipungia mkono kwa adabu kisha anakata kona. Halafu asubuhi moja Bi Zena akaja peke yake, akakaa, hakuvua hata buibui.

"Bi Mwanaidi, Bwana ameanza kukohoa tena akinwa mai," akasema. "Na yana usiku amemwita nduguye, amempa uwakala wa kumuoza Rukia. Ameiweka kofia, haishoni. Asema, kama Mungu ametaka anyamae, atanyamaa. Mimi sikuya kukulaumu. Nimekuya kwa kuwa sina ndia nyingine."

Nikavua koti la kazi, nikamfuata.

Nyumba yao ni ya zamani, ya mawe, ina kiwanda katikati, yaani ua wa ndani usioezekwa, kinachoingiza jua. Bwana Athmani alinikaribisha vizuri, hakuonesha kinyongo. Tukaletewa kahawa na kisahani cha halua. Mimi nikaanza kuzungukazunguka maneno, naomba radhi bila kuomba, mnajua vile mtu mwenye kiburi anavyofanya. Adhana ikaita. Bwana Athmani akaomba ruhusa, akasimama, akaenda kutawadha kwenye birika lililokuwa pembeni mwa kiwanda, hapohapo mbele ya macho yangu.

Jua lilikuwa limeingia majini. Chini mlikuwa na vile visamaki vidogo tunavyoviweka ili vipate kula viluwiluwi vya mbu, na juu ya ukuta, mwanga wa maji ulikuwa ukichezacheza. Nilikaa namtazama kama niliyeshikwa na usingizi. Akachota kwa kata, akaosha mikono. Akasukutua. Kisha akatoa mfukoni kibrashi chake, kimefungwa kwenye kitambaa cheupe kilichodariziwa ukingoni, akakichovya ndani ya kata ile, akakiingiza shingoni polepole, akakizungusha, akakitoa, akakichovya tena. Mikono ile ya kushona kofia, hakuna muuguzi aliyewahi kusafisha vali kwa ustadi ule. Alipomaliza akakirudisha kibrashi, kingali kimerowa, ndani ya kitambaa na ndani ya mfuko, akaendelea na uso wake.

Mara tano kwa siku. Kila udhu. Kwa maji ya birika, yenye visamaki, na kuta zake zina utelezi uleule niliowahubiria watu miaka nenda rudi.

"Subhanallah," nikasema.

Alipokwisha kuswali akarudi, alinikuta nimepiga magoti, nalia. Bi Zena akadhani nimepatwa na kitu. Nikasema, "Bwana Athmani, nisamehe. Wewe ndiye msafi kuliko wote niliowahudumia. Nilikuita mwongo na mwongo hakuwapo."

Akaziba tundu, akakohoa kwanza. "Mai haya si twahara?"

"Ni twahara, Bwana. Udhu wako haujapungua kitu. Lakini ukungu hauiogopi twahara. Maji yamekaa, hayakuchemshwa, nawe unaupanda mwenyewe mara tano kwa siku kwenye mpira. Kisha brashi inalala mfukoni imerowa, ukungu unazaana humo."

Nikaogopa atakasirika. Mabega yakaanza kumtikisika, nikaona kumbe anacheka. Kucheka kwake hakukuwa na sauti, kwa sababu kidole hakikuwa shingoni, ni pumzi tu zikitoka tunduni.

"Basi mimi," akasema alipoweza, "nimekuwa nikiulisha vizuri."

Tangu siku ile tukapanga upya, na haya ndiyo mliyoyataka, kwa hiyo chukueni kalamu. Sikumwondolea mara tano zake. Nani ana mgonjwa mwenye ratiba nzuri kama ile, halafu aivuruge? Nilimwambia asafishe koo kabla ya kutawadha, mbele ya kioo chenye mwanga, mikono imeoshwa kwa sabuni, kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kutoka chupa yake mwenyewe. Brashi aingize taratibu, aizungushe, asilazimishe, na asiache maji yaingie tunduni. Akimaliza aioshe kwa maji ya moto na sabuni, aitundike ikauke, na ikianza kukunjika nywele aitupe. Bi Zena alishona vifuko vya kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, vya kubebea ile iliyokwisha kukauka. Daktari alimwandikia dawa ya fangasi ya kusukutua, naye akaitumia kama alivyoelekezwa, si siku moja ndiyo siku tatu hapana. Meno ya bandia aliyavua kila akilala, akayapiga mswaki. Maziwa ya mgando alikunywa kikombe kila siku, maana wako wanaosema yanausaidia mdomo kupigana na fangasi. Mimi sikuapia jambo hilo, lakini hayakumdhuru, na aliyapenda.

Ugomvi wetu ulikuwa halua. Alikuwa akiila na kila kahawa, na kahawa zilikuwa nyingi. Nilimwambia, "Kipande kimoja, na mara moja brashi." Akasema mimi ni serikali.

Vali ile ya nne ilikuwa imeanza kuvuja. Tulisafisha, tukatia dawa, tukaomba. Kikohozi kikapungua, kikaisha. Wiki ya tatu ikapita, ya sita ikapita. Kofia ikarudi mkononi. Nilikuwa nikipita Langoni nachungulia pale barazani kwake, nahesabu matundu yaliyobaki kwenye kofia, sijui yeye akihesabu nini. Bwana Athmani akauchukua tena uwakala kwa nduguye, kwa shukrani.

Kofia ikaisha, na siku ya ndoa ikafika. Asubuhi Rukia akanipigia simu, sauti imekauka. "Bi Mwanaidi, Baba amekunywa maji akakohoa."

Sikumbuki nilivyofika. Bwana Athmani alikuwa amekaa kiwandani, kanzu mpya, uso umesawijika. Alikuwa ameshainua mkono amwite nduguye. Na mimi, ulimi ukaniwahi tena, nikataka kumwuliza umekula nini, umesafisha, ulisafisha saa ngapi. Nikaumeza ulimi.

Nikasema tu, "Nioneshe."

Akafunua shingo, akachukua brashi, akanionesha. Hakuruka hatua. Nikamulika kwa tochi, na pale kilangoni nikaona kipande kidogo, cheupe, kimekwama. Ufuta. Ule unaonyunyizwa juu ya mkate. Akazungusha brashi mara mbili, ukatoka. Nikampa maziwa. Akanywa funda moja, la pili, la tatu, nami namulika. Pakavu.

"Alhamdulillahi," akasema, na neno lilitoka zima.

Baada ya alasiri wanaume wakaenda msikitini. Sisi wanawake tulikuwa juu, nyumba ya jirani na msikiti, madirisha wazi, tumejazana na marashi na udi mpaka mtu anaona kizunguzungu kitamu. Rukia alikaa katikati, mikono ina hina, amenishika kidole gumba. Hakunishika mkono, kidole gumba tu. Kipaza sauti kikasoma khutba. Kisha kikawa kimya.

Kimya kile kilikuwa kirefu. Nilimwona Bwana Athmani kwa akili, anatafuta tundu kwa kidole, chini ya ukosi wa kanzu. Halafu ikaja, nzito, ina upepo ndani, inapita juu ya mapaa ya Langoni: "Nimekuoza... binti yangu... Rukia." Shehe akamwomba akariri, kama wafanyavyo wengi, mara tatu. Akakariri. Mara ya tatu sauti ilikuwa imechoka, lakini jina la binti lilisikika kuliko mara zote. Bwana harusi akajibu, amekubali.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Sote tulikuwa tumeduwaa, Bi Zena amefunika uso kwa leso. Na kumbe kule msikitini wamesahau kuzima kipaza sauti. Tukasikia vikombe vikigongana, sinia inapitishwa, mtu anasema, "Bwana Athmani, karibu halua." Kisha sauti ile nzito, mji mzima ukisikia:

"Moya tu. Na nipisheni nikapije brashi. Bi Mwanaidi yuwanisikiza."

Hapo ndipo vigelegele vilipopasua nyumba. Rukia alicheka huku machozi yanamchuruzika, hina yote ikanichafua kanga, na kidole changu hakukiachia.